KADI SAFI SI GARI SAFI



Vijiweni yanasemwa maneno kwamba sisi wa Tawi tunazuia maendeleo, ati hatutaki ushirika upate kirikuu cha kubebea alizeti. Si kweli. Kirikuu tunakitaka sana. Tunachokikataa ni kile kilicholetwa na dalali, cha milioni 9 wakati vya aina yake ni milioni 14. Jamani, tangu lini dalali akampunguzia mkulima milioni 5 kwa mapenzi?

Wajumbe wawili walitumwa kukiangalia. Wakavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, wakakuta mstari wa tope. Wakafunua zulia, chini mchanga. Bolti za viti zimeliwa na kutu, na ndani kunanukia pafyumu kama harusini. Gari hilo limelala kwenye maji. Dalali alipoulizwa akatoa kadi: "Someni wenyewe, safi kabisa."

Sisi wengine tumejua kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, kwa hiyo karatasi tunaiheshimu. Tumeisoma. Kadi yetu inataja namba ya chasisi na ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na jina la mwenye mali. Haina mahali pa kuandika kwamba gari lilizama.

Marekani wanapo mahali hapo. Gari likiharibiwa na mafuriko au mvua ya mawe, kampuni ya bima hupiga hesabu. Gharama ya matengenezo ikifika kiwango cha sheria ya jimbo, hati ya gari hutiwa alama ya uharibifu. New York kiwango ni asilimia 75 ya thamani ya gari, Texas ni asilimia 100. Alama hiyo huiangusha bei, na mnunuzi anajua anachonunua. Hata hivyo, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, walanguzi walihamisha magari yaliyozama kwenda majimbo yenye sheria legelege, wakapata hati mpya zisizo na alama. Huko kunaitwa kuifua hati.

Sasa jiulizeni: ikiwa hati inafuliwa ndani ya nchi moja, itakuwaje gari likivuka bahari? Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, mnadani mkaguzi huandika karatasi ya hali ya gari. Dalali wetu anasema yake imepotea. Na maji si lazima yawe ya ng'ambo. Dar es Salaam ilifurika Desemba 2011, na magari yaliyozama siku zile hayakuandikwa neno kwenye kadi.

Wapo wanaosema, "Mbona linawaka?" Linawaka leo. Maji yakishaingia kwenye soketi za nyaya, kontrol boksi na beringi, kutu inaendelea kula hata gari likikauka, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Leo taa, kesho stata, keshokutwa limegoma porini na mzigo wetu mgongoni. Tukichoka tukataka kuliuza, mnunuzi naye atavuta mkanda kama tulivyovuta sisi. Hiyo milioni 9 haitarudi.

Tusichanganye mambo. Gari lililopigwa na mvua ya mawe likabonyea bati tu, injini nzima, mwenyewe akasema kweli na akapunguza bei, hilo tunaweza kulijadili. Anayeficha ndiye tunayemkataa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Isitolewe hata shilingi moja ya utangulizi.
2. Gari lolote liletwe na karatasi zake za nchi lilikotoka, namba ya chasisi ilinganishwe.
3. Likaguliwe na fundi tuliyemchagua sisi, asiwe wa dalali.
4. Mjumbe yeyote aliyeahidiwa chochote na dalali aseme mbele ya mkutano.

Fedha hizi ni makato ya misimu mitatu. Wamo wajane humo, wamo waliouza kuku ili watimize hisa. Kamati haina ruhusa ya kuwanunulia mbuzi kwenye gunia.

Jumamosi saa 4 asubuhi, ghalani. Asikose mtu. Asiyejua kusoma aje pia, mkanda wa gari kila mtu anajua kuuvuta.

Mali ya ushirika ina wenyewe!

Katibu wa Tawi