Mmechukua Vidole Vyetu, Tuonyesheni Daftari

Kijana anayeponda mawe Nyarugusu na kuosha udongo mwaloni kutwa nzima huishiwa alama za vidole. Mawe yanazila, maji yanazichubua. Nilisimama nyuma ya mmoja wao pale Katoro, chini ya mwavuli wa wakala wa laini. Alifuta kidole gumba kwenye suruali, akakibandika kwenye kimashine, kikakataa. Akajaribu cha shahada, nacho kikakataa. Akaondoka bila laini, anaitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

Zamu yangu ikafika. Kidole changu kilisomeka, lakini wakala akasema, "Mzee, mtandao unasumbua, weka tena." Nikaweka. Akasema tena, nikaweka mara ya tatu. Miezi kadhaa baadaye nilipiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nikakuta mbili nisizozijua.

Namba hizo zingeweza kumwibia mjane wa Mwakitolyo fedha za mahindi yake, na polisi wangekuja kugonga mlango wangu. Nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu, wakazifunga. Nilipouliza ni wakala gani aliyezisajili, nikajibiwa kuwa hiyo ni taarifa ya ndani. Jina ni langu, kidole ni changu, tarakimu 20 za kitambulisho cha taifa cha NIDA ni zangu. Lakini kujua ni nani aliyevitumia, eti hapo mimi ni mtu wa nje!

Hilo ndilo linalonichoma. Sipingi ulinzi. Nimezikumbuka maiti 11 za Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Nimezikumbuka Kibiti, Rufiji na Mkuranga za mwaka 2017, askari na viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Anayesema nchi haihitaji kujilinda hajawahi kufunga mlango wake usiku kwa hofu. Kwa hiyo usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 1, 2019, tulikubali. Tulipanga foleni NIDA tangu alfajiri, wengine wamesafiri kutoka vijijini wakalala mjini, siku ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, nasi tukaendelea kupanga. Tuliahidiwa kwamba mhalifu hatakuwa na pa kujificha.

Je, meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imekoma? Haijakoma. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa takwimu za majaribio ya utapeli kwa kila mkoa, robo mwaka baada ya robo mwaka, na laini za matapeli hao zimesajiliwa. Zimesajiliwa kwa vidole vya nani? Vya bibi aliyeambiwa "weka tena". Vya mchimbaji aliyelipwa elfu chache akopeshe kitambulisho. Tapeli anatembea na jina la maskini mfukoni, na maskini ndiye anayebaki kwenye daftari.

Na daftari hilo nani analifungua? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, kwa amri yake mwenyewe, kumtaka yeyote mwenye taarifa za kielektroniki azitoe kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Hahitaji kwanza kwenda kwa hakimu. Polisi akitaka kumfunga mtu lazima ampeleke mahakamani. Akitaka kujua mtu huyo amezungumza na nani mwezi mzima, sahihi yake inamtosha. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema mawasiliano binafsi ya mtu yanastahili hifadhi. Hifadhi gani hiyo ambayo anayeingia na anayeruhusu kuingia ni mtu mmoja?

Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa majina ya watumiaji wa jukwaa lake. Kampuni yake ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hicho cha 32, na mwaka 2017 mahakama ikakiacha kilivyo. Mwenye msimamo alilala rumande. Kampuni ya simu inayotegemea leseni ya serikali itasimama kidete kwa ajili ya mchimbaji wa Lwamgasa? Sidhani, na wala sitaki usalama wangu utegemee ushujaa wa mfanyakazi wa kampuni.

Hata neno ugaidi lenyewe tumeliona linavyonyooshwa. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, alikamatwa Mwanza, jirani zetu hapa, Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Mashahidi wa kampuni za simu waliitwa mahakamani kueleza miamala. Machi 4, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka akaondoa kesi. Miezi zaidi ya saba ya mtu huyo haikurudishwa na yeyote. Yeye alikuwa na mawakili na macho ya dunia. Kijana wa Kakola atakuwa na nini?

Sisi watu wa huku tunajua ulinzi. Wazee wa Kahama na Shinyanga walipounda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa usiku, kila mwenye nguvu alitoka na upinde. Kukikucha mkutano unakaa chini ya mti, na mtuhumiwa anamwona anayemtuhumu. Sisafishi madhambi yao. Walipiga watu, na wapo vikongwe waliofukuzwa na kuuawa kwa uchawi wa kusingiziwa. Lakini ukatili huo ulikuwa na sura. Tuliweza kumtaja aliyeufanya, jina lake na boma lake, na ndiyo maana iliwezekana kuupinga. Anayefungua daftari la simu yangu leo, sitamjua mpaka naingia kaburini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Vidole vilichukuliwa 2019. Mfugaji gani wa Kisukuma huingiza ng'ombe zizini, kisha akae miaka minne ndipo aweke mlango? Wenzetu wa Kenya walikwenda mahakamani mapema. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu yao ikaizuia serikali kukusanya vinasaba vya watu kwa ajili ya Huduma Namba, usajili wao wa kitambulisho cha kidijitali, na kuitaka iweke kwanza utaratibu wa kisheria. Ugaidi wanaujua kuliko sisi, Westgate na Garissa ni kwao, na bado majaji walisema hapana.

Wabunge wa Shinyanga na Geita, kura zetu mlizifuata mpaka mialoni. Ingizeni hakimu kwenye kifungu cha 32. Wekeni kwenye sheria kwamba kila mwaka kampuni za simu zitangaze maombi mangapi ya taarifa zimepokea na mangapi zimeyakubali, na kwamba mtu ambaye taarifa zake zilichukuliwa bila kosa aambiwe baada ya upelelezi kwisha. Wakala aliyesajili laini kwa kidole cha mtu mwingine atajwe kwa mwenye kidole. Na Tume ifungue ofisi Geita na Shinyanga, wenye vidole vilivyolika wafike kwa nauli ya daladala.

Nawe msomaji, piga *106# sasa hivi kabla hujageuza ukurasa. Hesabu namba utakazoziona. Ukikuta moja usiyoijua, nenda ikafungwe, kisha usiondoke kaunta mpaka wakwambie nani aliisajili. Wakikataa, andika barua kwa Tume, ubaki na nakala.