Giaboksi Ikifa, Dereva Ndiye Hulipishwa



Safari hii nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema si la chama, ni la gereji. Mimi nasema ni la chama. Breki za gari la shamba zikiharibika, anaitwa fundi. Giaboksi ikifa, anaitwa dereva ofisini, naye haitwi ili aeleze. Anaitwa kutia sahihi karatasi ya kukatwa mshahara.

Nimekaa mbele ya meza za namna hiyo mara nyingi. Ninayoikumbuka zaidi ni ya mwaka 2017, katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda. Dereva wa pikapu ya Land Cruiser inayokusanya majani vituoni alitakiwa alipe giaboksi kwa makato ya miezi kumi na minne. Kosa lililoandikwa ni uzembe. Nilimwomba meneja jambo moja tu: kabla mzee huyu hajatia sahihi, tufungue nati ya chini ya giaboksi, sote tukitazama. Alikataa, halafu akakubali, nadhani kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imekaribia na alitaka tuondoke. Fundi akatega karai. Oili iliyotoka haikujaza hata kikombe, nyeusi kama lami, na ndani yake vumbi la shaba likimetameta. Tukauliza daftari la sevisi. Hakukuwa na daftari. Stoo nao walisema hawajatoa oili ya gia kwa gari lile tangu yule mtunza stoo aanze kazi, na alikuwa na miaka mitatu pale. Makato yakafutwa wiki ile ile.

Sasa niwaeleze wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Giaboksi za magari yetu mengi hazina pampu ya kusukuma oili. Shafti ya chini huzunguka ndani ya oili na kuirusha juu, na meno ya gia na beringi hupata kulainika kwa mrusho huo. Oili ikipungua kwa sababu sili imechakaa, shafti inarusha hewa. Kati ya gia na gia kuna pete, mara nyingi za shaba, ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Pete zikilika, ndipo unaposikia ule mkwaruzo dereva akitoka namba tatu kuingia namba mbili mlimani. Mkwaruzo ule ni taarifa. Dereva akiripoti siku hiyo, kazi bado ni ndogo. Akiambiwa "endelea tu, msimu ukiisha tutaangalia," basi aliyesema hivyo ndiye anayeiua giaboksi, hata kama mkono ulioshika gia ni wa mwingine.

Wenzetu wa kiwandani mnalijua hili kuliko sisi. Mashine za kusagia majani nazo zina giaboksi zake, na zikivunjika sijasikia mwendesha mashine akilipishwa. Kwa nini dereva awe tofauti? Kwa sababu yeye yuko peke yake barabarani, hana shahidi.

Kuna habari ya oili yenyewe. Watu huiita oili ya gia kana kwamba ni moja. Zipo zilizoandikwa GL-4 na zipo GL-5. Ile ya GL-5 ina dawa nyingi zaidi zenye salfa, za kulinda meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu. Dawa hizo zikipata joto zaweza kula shaba za giaboksi, na tena utelezi wake huzuia pete kushika gia sawasawa. Gari moja hukubali hii, jingine huikataa, na magari mengine hayataki oili nzito kabisa. Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Lakini nenda stoo ya shamba uone: pipa moja, la difu, la trekta na la giaboksi ya pikapu. Aliyenunua pipa hilo si dereva.

Na maji. Gari limepanda vilima saa nzima, giaboksi na difu zina moto, halafu linaingia mtoni mpaka katikati ya magurudumu. Hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na kama kile kitundu cha kupumulia kimezibwa na tope, inavuta maji kupitia kwenye sili. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ni maji hayo. Ukiacha gari lisimame usiku kucha, ukilegeza nati ya chini asubuhi maji hutangulia kutoka, maana ni mazito kuliko oili. Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, kila gari linalovuka maji lingepaswa kukaguliwa hivi. Ni kazi ya nusu saa. Mashamba mangapi yanaitoa hiyo nusu saa?

Hata hivyo sitadanganya kwamba madereva wote ni malaika. Tunao wenzetu wanaoendesha huku mkono umelala juu ya gia kama fimbo ya mzee. Uzito ule unasukuma uma wa ndani dhidi ya gia siku nzima, na uma unalika. Wapo wanaoacha mguu juu ya klachi. Wapo wanaotia gia ya kurudi nyuma gari likiwa bado linakwenda mbele, wanaofunga magurudumu manne na kuyasahau yamefungwa mpaka kwenye lami, ambapo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana kwenye kila kona na gia zinakazwa mpaka zinalia. Na wapo wanaokokota gari lililozimika kilomita nyingi bila kufungua propela shafti, kumbe injini ikiwa imezimwa ile shafti ya chini haizunguki, hairushi oili, na giaboksi inasagika kavu. Kwa makosa haya chama hakitamtetea mtu aliyefundishwa akayarudia. Lakini neno ni hilo: aliyefundishwa. Wengi walipewa ufunguo tu wakaonyeshwa barabara.

Mafundi nao wasikimbilie kushusha giaboksi. Ikiwa gia zote ni ngumu kuingia injini ikiwaka, na zikizimwa zinaingia laini, tazama klachi kwanza. Huenda ni mafuta ya klachi tu yamepungua. Nimeona giaboksi nzima ikishushwa kwa sababu hiyo, na bili ikaandikwa jina la dereva.

Jambo linaloninyima usingizi lakini si bili. Pikapu hizi zinabeba majani asubuhi na watu jioni. Ndizo zinazopeleka mama mja mzito hospitali usiku. Giaboksi iliyochakaa hufika mahali gia inaruka yenyewe na kutoka, na hupenda kuruka dereva anapoachia mafuta mteremkoni, pale pale anapoitegemea injini imsaidie kushika gari. Gari linabaki na breki peke yake, na watu ishirini nyuma wameshika vyuma. Dereva akiripoti gia inaruka, gari hilo halipaswi kubeba mtu mpaka litazamwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama, na mimi sioni namna ya kusoma maneno hayo yakaiacha nje pikapu inayotubeba.

Kuhusu makato, Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliukubali mwaka 1963, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara haukatwi ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa upatanishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo matawi yenye mazungumzo ya mapatano mwaka huu, kutoka Kyenjojo hadi Bushenyi, yapeleke hoja hii kwa maandishi: kila gari liwe na daftari la sevisi, na asikatwe dereva kabla giaboksi haijafunguliwa mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Matajiri watasema tunaingilia kazi ya ufundi. Tuwajibu kwamba wao ndio walioanza kuingiza ufundi katika mishahara yetu.

Wakati tunasubiri, dereva usingoje daftari la ofisi. Nunua lile la watoto wa shule. Andika tarehe, kilomita, oili iliyotiwa na aina yake, na kila ulicholalamikia. Fundi akikusikiliza, atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa na jina la tanboi aliyekuwapo. Yule mzee wa pikapu anaendesha mpaka leo, na daftari lake liko chini ya kiti, amelifunga kwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.