Anayemtisha mwanangu usiku hana mdomo

Godoro lilianikwa Jumanne. Jumatano likaanikwa tena, na Alhamisi sikujisumbua hata kuligeuza. Mwanangu ana miaka 6, na tangu alipotimiza mitatu alikuwa haloweshi kitanda. Sasa ghafla, asubuhi tatu mfululizo, shuka mkononi, macho chini, anasubiri nianze.

Nami nilianza. Nikamwambia mdogo wake ana miaka minne na anaamka mkavu. Nikasema hivyo mbele ya dada wa kazi. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua nimeandika mara ngapi humu kwamba mtoto hasemwi mbele za watu kwa jambo la kitandani. Haya, mwandishi mwenyewe ndiye huyo.

Choo chetu kiko uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa jikoni. Juu ya mlango wake kuna balbu, na tangu tuibiwe nguo kwenye kamba mwaka jana, inawaka usiku kucha. Usiku wa nne niliamka kunywa maji nikamkuta mtoto kasimama mlango wa jikoni, amebana miguu, mlango uko wazi nusu. Nikamuuliza mbona haendi. Akaninong'oneza, "Mama, yupo. Ananiangalia."

Ukutani, chini ya balbu, alitulia nondo. Mkubwa karibu sawa na kiganja changu, rangi ya udongo mkavu, na kwenye mabawa alama za duara kama macho yaliyotoka. Mvua za masika zikianza huwa wanakuja wa aina hiyo.

Niseme ukweli, hofu ile hakuizua yeye. Mwaka jana mmoja aliingia sebuleni, mimi nikapiga yowe, nikapanda kwenye kochi, nikampiga na kandambili mpaka akabaki unga ukutani. Kisha nikawaambia watoto wasiguse ukuta, kwa kuwa unga wa nondo ukiingia jichoni unapofua. Ndivyo bibi yangu alivyoniambia. Bibi huyo huyo alisema pia nondo mkubwa akiingia ndani kuna mgeni njiani, lakini hilo la mgeni sikuwasimulia. Nilichagua la kutisha.

Usiku ule nilimsindikiza. Kesho yake jioni tukaenda kwa jirani yetu, mzee aliyekuwa bwana shamba kabla ya kustaafu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia una mgeni chooni."

Mzee hakumcheka. Alichukua tochi, tukaenda wote watatu, naye nondo alikuwepo, palepale. Babu akamwambia mtoto asogee, amtazame kichwani, atafute mdomo. Mtoto akatazama kwa muda mrefu. Akasema hauoni.

"Hauoni kwa sababu wa kulia hana," mzee akasema. "Huyu alikula alipokuwa kiwavi, akala majani mpaka akanenepa. Sasa amekuwa mkubwa, hali tena. Anaishi kwa mafuta yaliyomo mwilini, siku chache tu, kama wiki hivi. Anatafuta mwenzake, jike linataga mayai, basi, amemaliza."

Nilimwona mwanangu anafikiri. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mtu mzima, sikuwahi kujiuliza: "Kwa hiyo hawezi kuniuma?"

Hawezi. Nondo wa jamii hii, wale wakubwa wenye alama za macho, wakishakomaa hawana mdomo unaofanya kazi. Wapo nondo wengine wenye mrija mrefu wa kunyonya maji matamu ya maua, lakini anayekuja kwenye taa yako usiku hakuja kumng'ata mtoto. Yale macho ni ya kumtisha ndege anayetaka kumla. Na ule unga ni vigamba vidogo mno vilivyopangwa juu ya mabawa kama vigae vya paa. Haupofui. Ukiingia jichoni utawasha, unaosha kwa maji safi.

Nilibaki na swali langu. Kama hali na hatafuti chochote kwetu, anafuata nini kwenye taa? Nilikua nikiambiwa anapenda moto, au anadhani balbu ni mwezi. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Imperial College ya London, walitoa matokeo yao katika jarida la Nature Communications baada ya kuwapiga wadudu picha za video kwa kamera zenye kasi kubwa sana. Waligundua kwamba mdudu haendi kwenye taa kwa kuipenda. Anaigeuzia mgongo.

Hebu fikiria usiku kabla ya umeme. Hata gizani, mbinguni kuna mwanga zaidi kuliko ardhini. Mdudu anayeruka akiweka mgongo upande wenye mwanga, anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Hivyo ndivyo wamekuwa wakiruka kwa mamilioni ya miaka. Sasa wewe umetundika balbu chooni. Nondo anapita kando, mwili wake unageuza mgongo kuelekea kwenye ule mwanga, anapinda njia. Akipinda anajikuta bado yuko kando ya taa, anapinda tena. Kwa macho yetu anaizunguka kama mwehu. Akipita juu ya taa ndiyo balaa, kwa sababu anapinduka, tumbo juu, na kuanguka. Watafiti hao walipotandaza mwanga juu, kama anga, wadudu waliruka vizuri. Walipoutoa mwanga chini, walipinduka.

Yaani yule aliyemzuia mwanangu kwenda haja alikuwa amenaswa. Na aliyetega mtego ni mimi, kwa ajili ya mwizi wa nguo.

Tuliizima taa. Babu akasema tungoje. Tukakaa gizani kwenye kizingiti cha jikoni, mtoto katikati. Baada ya muda mzee aliwasha tochi kidogo, ukuta ulikuwa mtupu. Siku hizi taa ya choo ina swichi karibu na mlango wa jikoni, unawasha unapokwenda na kuzima ukirudi. Fundi alimaliza kazi kwa asubuhi moja. Nimebadilisha pia balbu nyeupe kwa ya manjano, kwani ile nyeupe ndiyo huvuta wadudu zaidi.

Kuna mchezo mmoja babu alimfundisha, nanyi mjaribu. Nondo wengi wana masikio, ila si kichwani. Kwa wengi yako kifuani au tumboni. Wanasikia sauti nyembamba ambayo sisi hatuisikii, ile anayoitoa popo anapowinda. Chukua bunda la funguo, litikise karibu na nondo wanaoruka kwenye taa. Funguo zikigongana hutoa sauti ya namna hiyo pia. Baadhi yao watakunja mabawa na kudondoka chini, au kugeuza njia ghafla, wakidhani popo amefika. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Huo mchezo ulibadilisha jambo. Mtoto anayeogopa kitu, halafu akaona kumbe kitu hicho nacho kinaogopa, hakitazami tena vilevile.

Kama una mpapai nyumbani, mpeleke mtoto magharibi, giza linapoanza kuingia, maua yananukia. Wapo nondo wenye mabawa membamba wanaoruka mahali pamoja mbele ya ua kama helikopta. Nchini Kenya watafiti wameonyesha kuwa hao ndio wachavushaji wakubwa wa mipapai ya wakulima, na mpapai ulio mbali na vichaka vya asili hautembelewi sana. Mpapai dume una maji matamu kwenye ua. Jike hauna cha kumpa mgeni, ila ua lake linafanana na la dume, basi nondo anakosea, anaingia na chavua mwilini, na wewe unapata papai.

Sisemi wote ni wema. Viwavijeshi vamizi vinavyomaliza mahindi tangu viingie Afrika mwaka 2016 ni watoto wa nondo, na aliyepoteza shamba hatacheka na funguo. Kiwavi mwenye manyoya naye mtoto asimshike kabisa. Akishamgusa, usisugue, bandika selotepu pale na kuibandua ili vinyoya vitoke, kisha osha kwa maji na sabuni. Macho yakivimba au akipumua kwa shida, hospitali.

Na kuhusu godoro. Mtoto aliyekaa mkavu miaka mingi akianza tena kulowesha, kuna sababu. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, inaweza kuwa sukari hasa kama anakunywa maji kupita kawaida na kukonda, kwa hiyo mpeleke akapimwe. Mimi nilimpeleka, yuko salama. Lakini kabla ya yote ningemuuliza usiku kuna nini huko nje. Siku tatu sikuuliza.

Wiki hii usiku mbili nimesikia mlango wa jikoni ukifunguka, funguo zikilia hadi chooni na kurudi. Jumamosi godoro lililowa tena. Tulilianika pamoja, nikamwomba radhi kwa yale niliyosema mbele ya dada. Akaniuliza kama nondo wana mama.

Nikamwambia wanaye, ila hawamjui.

"Masikini," akasema, akaenda kucheza.