Godoro la Mrukaji

Mwaka 1954, Vancouver nchini Kanada, Patrick Etolu wa Uganda aliruka juu mita 1.99 akatwaa fedha katika michezo tunayoiita leo ya Jumuiya ya Madola, medali ya kwanza ya nchi yake huko. Aliyemshinda, Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria, alifikia mita 2.03 akiwa na kiatu mguu mmoja tu. Zama zile mrukaji alitua kwenye mchanga au maranda, kwa hiyo ilimbidi ashuke kwa miguu au angalau kwa uangalifu. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico, Mmarekani Dick Fosbury akaupa mgongo ufito: kichwa kinatangulia, kiuno kinapinda, miguu inafuata, na mtu anaangukia mabega. Bila godoro nene, huko ni kuvunjika shingo. Mathew Sawe wa Kenya aliporuka mita 2.30 Asaba mwaka 2018 na kuwa bingwa wa Afrika, sentimita 31 zaidi ya Etolu, sidhani Mungu alimjalia miguu ya ajabu kuliko mzee wetu. Godoro lina sehemu yake. Huku kwetu Ikonda, wilayani Makete, mwalimu anayemwandaa mtoto kwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwenye shimo la mchanga ana haki ya kumkataza kuruka kimgongo. Ila pale mchanga ulipogandamana kwa mvua za Makete, maranda ya mbao Njombe hayakosekani: yajazwe kwenye magunia, watoto waendelee na mtindo wa mkasi, ule wa kutua kwa miguu, mpaka halmashauri inunue godoro.