Usiandike "OG" kama siyo OG

Wauzaji wenzangu, leo tujifunze kwa watu wa saa.

Robert na Charles Ingersoll wa New York walianza kwa kuuza vitu kwa posta. Mteja hagusi mzigo kabla ya kulipa, kama sisi na WhatsApp. Mwaka 1896 wakatoa saa ya mfukoni ya dola 1. Hawakuiita dhahabu. Bei wazi, na dhamana juu. Wakauza mamilioni. Kampuni ilikuja kufilisika, ikanunuliwa 1922, ila jina Ingersoll liko sokoni mpaka leo.

Mimi hapa Kilindoni niliwahi kuandika "OG, haiingii maji" kwenye saa ya elfu 15. Mvuvi wa Jibondo akaingia nayo baharini, ikafa siku hiyohiyo. Hela nilimrudishia. Yeye hajarudi.

Kuuza cha bei chee siyo aibu. Aibu kudanganya.