AJALI HAINA KINGA, LAKINI UZEMBE UNAYO

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kila chombo kinapozama neno la kwanza litokalo vinywani mwa wakubwa ni lile lile: ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa redioni, husemwa Barazani, na watu huitikia kwa kuwa msiba hautaki ubishi. Sisi hatulikanushi neno hilo. Mauti yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na siku yake haijuliwi na mtu. Lakini kupakia watu zaidi ya 2,400 katika meli iliyopewa kibali cha watu 645 hakuitwi ajali. Hiyo ni hesabu, na kila hesabu ina mtu aliyepaswa kuihesabu.

Leo twataka kusema juu ya mtu huyo. Katika serikali za siku hizi umeenea wadhifa ambao wazee wetu hawakuujua kwa jina. Ni ofisa wa daraja la juu katika wizara au idara, ambaye kazi yake ni kusimamia yale yanayoitwa vihatarishi, na kuwapa wakubwa wake uhakikisho kwamba mambo yaliyoandikwa kwenye makaratasi ndiyo yanayotendeka kweli. Wengi wetu tukilisikia jina la cheo hicho hudhani ni kiti kingine cha kumkalisha mtoto wa fulani, na gari jingine la kununuliwa kwa kodi zetu. Huenda pengine ikawa hivyo. Lakini yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana ikifanywa sawasawa hufaidika nchi nzima, na ikifanywa kwa kujionyesha tu, wenye kulipa ni sisi tunaovuka bahari.

Kazi za namna hii hupangwa kwa safu tatu. Safu ya kwanza ni ya watendaji: karani anayekata tikiti, ofisa wa bandari anayeruhusu chombo kung'oa nanga, nahodha, na mkaguzi wa vyombo. Hao ndio wanaoishika khatari kwa mikono yao. Safu ya pili ndiyo ya ofisa wetu huyu. Yeye huuliza: ni jambo gani linaweza kuharibika? Likiharibika litaumiza kiasi gani? Nani amedhaminiwa kulizuia, na amefanya nini mpaka leo? Majibu huyaandika katika daftari, kisha hurudi tena na tena kutazama kama yaliyoahidiwa yametimizwa. Safu ya tatu ni ya wakaguzi wa ndani, ambao hawaendeshi kazi ile wala hawakuitungia kanuni, bali huja kuthibitisha kwa macho yao. Na nje ya wizara yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, anayetajwa na Katiba ya Zanzibar.

Msomaji wetu asidhani kwamba haya ni mambo ya kigeni. Wazee wetu wa majahazi waliyajua. Fundi alipomaliza kukalafati, nahodha mwenye akili hakuridhika kumwuliza fundi, "Umemaliza?" Alingoja maji yajae, chombo kielee, kisha akateremka mwenyewe hadi ngamani akapapasa kwa mkono. Mkono ukitoka mkavu, safari. Mkono ukitoka na maji, fundi aliitwa. Kauli ya fundi ni taarifa, na mkono wa nahodha ndio uhakikisho. Wizara ambayo hupokea taarifa na kuziita uhakikisho imepakia abiria wake bila ya kuitazama ngama.

Sasa na tuitazame historia yetu wenyewe, si kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mwezi wa Mei 2009 meli ya Fatih ilizama pale pale bandarini Malindi, mbele ya macho ya mji, na watu wakafa. Hilo lilikuwa onyo lililoletwa hadi mlangoni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ikazama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwezi wa Januari 2012 ilieleza kwamba waliokufa na waliopotea walikuwa watu 1,573. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Waliobaki, bahari ndiyo kaburi lao. Na yafaa ikumbukwe kwamba hesabu zilizotajwa siku za mwanzo zilikuwa chini kabisa kuliko hizo za tume. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba usiku ule meli ilipoondoka, hapakuwa na daftari hata moja lililosema kweli juu ya roho zilizokuwamo ndani yake.

Ripoti ikaandikwa, ikasomwa, ikawekwa. Miezi sita baadaye, tarehe 18 Julai 2012, boti ya Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, ikachukua roho za watu zaidi ya mia moja. Boti ile ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na nchi kavu, na uwezo wake ulikuwa abiria 250. Sisi tuliipeleka katika mkondo wetu, mwezi wa Julai, kusi likivuma. Mtoto yeyote wa Nungwi, wa Makunduchi au wa Mkoani angeweza kueleza kusi la Julai ni nini. Tunauliza: chombo kile kilipoletwa, nani aliandika, "Maji ya kule siyo maji ya huku"? Na kama aliandika, nani alisoma?

Hapa ndipo ilipo shabaha ya maneno yetu. Baina ya ripoti ya Januari na msiba wa Julai palikuwa na miezi sita. Miezi hiyo haikuhitaji tume nyingine. Ilihitaji mtu mmoja mwenye daraja na mamlaka, aliyeshika orodha ya kila pendekezo, na mbele ya kila pendekezo jina la mwenye dhamana na tarehe ya kutimiza. Kila Jumatatu angepiga simu kuuliza, na kila Ijumaa angeteremka bandarini kuhakikisha. Tume huja baada ya maiti. Ofisa wa vihatarishi huwekwa ili tume isije ikahitajika.

Jingine ni kwamba Spice Islander ilikwenda Pemba kutoka Unguja, na Skagit ilikuja Unguja kutoka Bara. Kwa Skagit, bandari ya kuondokea ilikuwa chini ya mamlaka hii, na ya kufikia chini ya mamlaka ile. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu, na sisi twaongeza kwamba mara nyingi pabovu ni pale kamba mbili zilipofungwa pamoja, kila upande ukidhani upande wa pili ndio uliokaza fundo. Kazi ya ofisa huyu ni kulitazama fundo hilo khasa.

Wala tusijidanganye kuwa jambo hili ni la wenye meli binafsi peke yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kivuko kile kilikuwa cha serikali yenyewe. Pale ambapo mwenye chombo, mwendesha chombo na mkagua chombo wote wanakula katika sinia moja, nani atasema chakula kimeingia mchanga?

Hata mataifa makubwa yamejifunza somo hili kwa machozi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Kiingereza, Herald of Free Enterprise, ilipinduka ilipotoka tu bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji, na watu 193 wakafa. Iliondoka na milango yake ya mbele wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Nahodha hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa ada yao ilikuwa kwamba, asipokuja mtu kusema kuna kasoro, basi kila kitu ni salama. Kimya ndicho kilichokuwa uhakikisho wao. Na kabla ya hapo manahodha wa kampuni ile walikuwa wameomba ziwekwe taa za kuonyesha kama milango imefungwa, na ofisi ikawapuuza. Khatari ilikuwa inajulikana chini, lakini haikuwa na ngazi ya kupandia juu.

Baada ya misiba ya namna hiyo Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1993 kanuni za usimamizi wa usalama, zikawa lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa tangu tarehe 1 Julai 1998. Ndani yake mna sharti moja ambalo twaomba kila mwanachama alihifadhi: kila kampuni lazima iwe na mtu maalumu nchi kavu, mwenye njia ya moja kwa moja ya kumfikia mkubwa wa juu kabisa. Hapiti kwa karani, hapiti kwa meneja. Akiona khatari, mlango u wazi. Ikiwa sharti hilo lafaa kwa kampuni ya meli, kwa nini lisifae kwa wizara inayozisimamia meli zote?

Wako watakaosema, "Hawa wanasema haya kwa kuwa wao ni wapinzani." Tunawajibu kwa ukweli. Wizara iliyokuwa na dhamana ya usafiri wa baharini katika misiba ile miwili ilikuwa na waziri aliyetoka katika upinzani, ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, naye baada ya Skagit alijiuzulu. Hilo lilikuwa jambo la heshima, tena nadra katika nchi yetu. Lakini kujiuzulu hakumfufui mtu. Bahari haikuuliza waziri ana kadi ya rangi gani, wala haikumwuliza abiria. Kwa hiyo haya tunayoyadai, tunayadai kwa serikali yoyote, na siku tutakapokabidhiwa sisi, mtushike kwayo.

Tunayoyadai ni haya:

Kwanza, ofisa wa vihatarishi na uhakikisho katika kila wizara achaguliwe kwa ujuzi wake, si kwa ukoo wala kwa kadi, yetu ikiwamo.

Pili, taarifa yake isiishie kwa Katibu Mkuu. Ifike pia katika kamati ya ukaguzi yenye wajumbe wasiokuwa waajiriwa wa wizara hiyo, na kila mwaka Baraza la Wawakilishi lipate kuisoma.

Tatu, asihamishwe wala kuondolewa kwa sababu ya alichokiandika. Akihamishwa, sababu iandikwe na itiwe saini. Ofisa anayejua kwamba neno moja la kweli litampeleka kisiwa cha mbali hatasema neno hilo.

Nne, kila pendekezo la kila tume litangazwe pamoja na jina la ofisi yenye dhamana, tarehe ya kutimiza, na kama limetimizwa au la.

Tano, asifungwe na meza. Mkesha wa Idi, gati inapojaa watu na mizigo, hapo ndipo mahali pake. Majaketi ya kujiokolea huhesabiwa yakiwa chomboni, hayahesabiwi yakiwa kwenye karatasi.

Tumewasema wakubwa, sasa na tujiseme wenyewe. Ndugu mwanachama, unapompa karani noti ili akupitishe bila tikiti, umefuta jina lako katika daftari. Chombo kikifika, umefaidi shilingi chache. Kisipofika, mama yako atakulilia bila ya hesabu, na serikali itasema hukuwamo. Unapoiona meli imelala upande kwa uzito nawe ukajisukuma upate nafasi, umeshirikiana na yule unayemlaumu. Khabari za siku zile zilieleza kwamba wako waliokataa kupanda Spice Islander walipoiona ilivyojaa. Watu hao hawakuwa na cheo wala ofisi, lakini usiku ule walifanya kazi ya ofisa wa vihatarishi kuliko wenye mishahara. Matawi yetu yaliyo karibu na bandari yawafundishe watu kukataa, na anayekataa asichekwe kuwa ni mwoga.

Wazee walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefiwa, na kwa kazi hiyo ni mzuri. Lakini haukusemwa uwe kanuni ya kuendeshea wizara. Vyombo vile vilikuwa na usukani, vilikuwa na vibali, vilikuwa na wakaguzi, na khatari yake ilionekana na watu wenye macho kabla ya nanga kung'olewa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye haki ya kusema "hakitoki", na kisitoke.

Mtu huyo ndiye tunayemtaka. Awekwe, alindwe, asikilizwe.