Kadi niliyokaribia kuiuza kwa hofu

Tarehe 1 Septemba 2020, saa moja jioni, nilikuwa ofisini kwangu Sinza, Dar es Salaam, na kijana ninayefanya naye kazi. Tulikuwa tunasubiri kompyuta imalize kurenda, yaani kuugeuza mchoro wa sebule ya mteja kuwa picha, naye alikuwa akitazama simu. Akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari ya msiba: "Dada, hebu njoo uone." Kwenye simu alikuwemo Jensen Huang, bosi wa Nvidia, amesimama jikoni, anatangaza kadi mpya za grafiksi. Ile RTX 3070, alisema, ina kasi kuliko RTX 2080 Ti, na bei yake dola 499.

Chini ya meza yangu ilikuwa RTX 2080 Ti, ina siku 19 tangu niipokee. Ilinigharimu shilingi milioni tatu na laki mbili pamoja na usafiri na ushuru, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ilitoka kwenye upatu wa akina mama wa mtaani kwetu. Zamu yangu ilikuwa imefika Julai, na bado nilikuwa na michango ya miezi saba mbele yangu. Kwa hiyo nilikuwa naendelea kuilipia kadi ambayo mwenye kuitengeneza ameshasema imepitwa.

Wasiwasi wa usiku ule nakutana nao karibu kila wiki kwa vijana wanaohariri video, wanaochora nyumba, wanaocheza gemu. Swali lao ni lilelile: nikinunua leo, si mwezi ujao itatoka nyingine? Wapo wanaowacheka. Mimi siwezi. Mtu anayelipwa kwa dola, kadi ikishuka bei anapoteza tofauti ya bei. Sisi tunaokusanya shilingi kwa shilingi tunapoteza mwaka mzima wa kujinyima. Hofu yao ina msingi, ila naamini inawafanya watazame pasipo na tatizo.

Asubuhi yake nilimpigia dalali wa Kariakoo. Alikuwa ameshasikia. "Dada yangu, hiyo imeshaanguka. Nakupa milioni moja na nusu leo hii, kesho siipokei." Ningeiuza. Kilichonizuia ni kazi ya Ijumaa: nyumba ya ghorofa moja, picha sita, mteja ameshalipa nusu. Na hiyo 3070 ilitangazwa kuingia sokoni Oktoba. Nikaona siwezi kukaa miezi miwili bila kadi.

Marekani na Ulaya wengi hawakuwa na cha kuwazuia. Waliziuza 2080 Ti zao kwa bei ya kutupa, wakakaa kusubiri mpya. Mpya zilipotoka hazikupatikana. Ulikuwa mwaka wa korona, chipu haba, kila mtu yuko nyumbani anataka kompyuta. Kisha wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum wakaanza kununua kadi kwa maboksi. Mwanzoni mwa 2021 kadi kuukuu zikawa zinagombaniwa. Dalali wangu alipiga Machi mwaka huo, akaitaka ileile kwa milioni tatu. Nikamwambia iko kazini.

Sidai kwamba nilikuwa mwerevu. Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni nini hasa kilichoharibika kwenye kadi yangu jioni ile? Picha ya sebule iliyochukua dakika 14 saa kumi na mbili iliendelea kuchukua dakika 14 saa mbili. Feni zilizunguka vilevile. Kilichobadilika ni bei ya kuiuza, na mimi sikuinunua niiuze.

Tena ikaja kuongezeka kasi. Desemba 2021 Blender, programu ninayorendia, ilitoa toleo la 3.0, na Cycles, mtambo wake wa kurenda picha, ukawa umeandikwa upya. Nilifungua faili la zamani la ile nyumba, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi picha ilikuwa imekwisha zamani. Nikadhani nimekosea ukubwa, nikarudia mara mbili. Kadi ileile, bila senti kuongezeka. Hakuna aliyesimama jikoni kunitangazia hilo.

Sasa niseme kadi inazeeka lini kweli, maana inazeeka.

Mwaka jana nilipata kazi ya nyumba ya Mbweni. Mwenye nyumba alitaka bustani yote ionekane: minazi, michikichi, ukoka, ua wa michongoma, bwawa. Nikapanda minazi arobaini kwenye kompyuta, kila mmoja na makuti yake, kuta nikazivalisha picha za mawe za ukubwa wa juu kabisa. Nikabonyeza. Sekunde ishirini hivi, kisha ujumbe mwekundu: memori ya kadi imekwisha. Kadi yangu ina gigabaiti 11, na bustani ile ilitaka zaidi. Siku hiyo ndiyo niliyouhisi uzee wa kadi, mteja akiwa anapiga simu. Si ucheleweshaji, maana mashine ikichelewa unaiacha ifanye kazi usiku. Hii ilikataa.

Tulikaa hadi saa sita usiku. Tukaifuta ile minazi arobaini, tukabakiza mmoja, tukaiambia programu iurudie huohuo mara arobaini kwa kuugeuza na kuukuza kidogo hapa na pale. Hivyo kadi inabeba mnazi mmoja tu. Mawe ya ukuta wa nyuma, ambao hata hauonekani vizuri, tukayapunguza hadi robo ya ukubwa. Ikaingia. Picha ilipotoka mwenye nyumba hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua. Nami nikajifunza kwamba nusu ya "kadi yangu imechoka" niliyokuwa nikiisema ilikuwa uzembe wa kupanga kazi.

Uzee mwingine unatoka kwa watengenezaji wenyewe, na huo hauna mnazi wa kufuta. GTX 1080 Ti ilitoka Machi 2017 kwa dola 699, na kuna watu wameitumia miaka minane kwa raha. Lakini Oktoba 2025 Nvidia ilifunga draiva mpya za gemu kwa kadi za ukoo wake, ikabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kabla ya hapo, Desemba 2024, gemu la Indiana Jones and the Great Circle lilikuwa limeshazikataa mlangoni kadi zisizo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, hata ziwe na nguvu kiasi gani. Wenye kadi zile wana haki ya kulalamika. Ila waone na muda: miaka minane, wakati hofu inawaambia miezi minane.

Kinachonikera zaidi ni ushauri unaotolewa kama dawa ya hofu hii: nunua ya juu kabisa, utadumu nayo. Mwaka 2018 aliyefuata ushauri huo alinunua 2080 Ti kwa bei iliyoanzia dola 999, na wengi walilipa 1,199. Jirani yake akachukua 2070 ya dola 499, na 2020 akaongeza 3070 ya dola 499. Jumla 998. Huyo wa pili kapata kadi mbili, ya pili ina kasi sawa na ile kubwa, na ya kwanza anaweza kuiuza. Machi 2022 ikatoka 3090 Ti, dola 1,999. Oktoba mwaka huohuo ikaja 4090, ina kasi kuizidi kwa mbali, kwa dola 1,599. Kileleni ndiko pesa inakoyeyuka haraka kuliko popote.

Hesabu hiyo mimi ina mahali inaponigomea, na sitaki kuificha: 2070 na 3070 zote zina gigabaiti 8. Bustani ya Mbweni isingeingia humo hata kwa mnazi mmoja. Ndiyo maana bado naitetea kadi yangu. Lakini naitetea kwa sababu ya memori yake, ambayo kazi yangu inaila kila siku, na wala si kwa sababu wakati mmoja ilikuwa ya kileleni.

Hata matangazo yenyewe yasomwe polepole. Januari 2025 ilitangazwa 5070 ya dola 549 kuwa inalingana na 4090. Mlingano huo ulitegemea fremu za ziada zinazobuniwa na akili mnemba wakati gemu linachezwa. Anayerenda nyumba hapati chochote kwenye fremu hizo. Anachokiona ni gigabaiti 12 dhidi ya 24. Nimeona vijana wakiuza kadi nzuri kwa sababu ya sentensi moja ya jukwaani.

Na kuna mambo ya kwetu ambayo jukwaani hayasemwi. Kadi yangu inakula wati 260. 5090 inakula hadi 575. Renda kwa muda wa saa kumi: ya kwanza uniti 2.6 za umeme wa Luku, ya pili karibu sita. Kila mwezi wa kwanza wa msimu wa joto naifungua, naipuliza vumbi, naisugua mapezi kwa brashi ya rangi. Chini yake nimeweka kijiti cha mninga alichonikatia seremala jirani, maana ni nzito na ilishaanza kuinama. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kilicho kati yake na kifo ni stabilaiza ya laki na nusu. Kadi ngapi za Dar zimekufa kwa vumbi na umeme huku wenyewe wakihofia tangazo?

Juzi alikuja binti anayechora mandhari ya ndani ya nyumba, ametunza milioni mbili na laki nane, anataka nimwambie asubiri au anunue. Sikumjibu. Nilimwomba flashi yake, nikafungua faili lake zito kuliko yote, tukalirenda kwenye kadi yangu, nikamwonyesha pembeni ya skrini namba ya memori inavyopanda. Ikapanda, ikasimama kwenye gigabaiti 6.8. Aliitazama muda. Kisha akatoka nje akampigia mwenye duka, nikamsikia akiuliza bei ya ile ya kati yenye 12.